Nilivyokuwa napiga inhela chini ya kitenge ili baba mkwe asinione, hadi pumzi ikanikatikia uani

Wakuu, salaam kutoka Makwale, Kyela, huku mchele unakonukia hata kabla haujaiva.

Humu mimi ni msomaji wa kimyakimya wa muda mrefu. Nacheka na stori zenu, napita. Leo nimeamua na mimi niandike.

Sina cha kupamba. Mgonjwa ni mimi, mapafu ni yangu, na baba mkwe nitakayemtaja ni mzima, muda huu yupo nje anageuza kokoa kwenye mkeka. Nikidanganya nitaona aibu kupita mbele yake, ingawa kupita mbele yake kwenyewe siruhusiwi. Mtaelewa huko mbele.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka apite, mwenye pumu abaki.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Tusa. Ni fundi cherehani, nina kibanda changu karibu na soko. Nimezaliwa Tukuyu, kule juu kwenye baridi na ukungu, na pumu tumekua nayo pamoja kama ndugu. Kule ilikuwa inanibana msimu wa baridi, napiga inhela yangu ya bluu, maisha yanaendelea.

Nikaolewa huku chini.

Mnaoijua Kyela mnajua. Joto lake, mvua yake inayonyesha kama inakudai, na kipindi cha kuvuna mpunga vumbi la pumba linaingia hadi kwenye kopo la chumvi. Nikasema fresh tu, inhela ipo.

Sasa kabla sijaendelea lazima niwaeleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo mtaniona mjinga tu.

Kwa sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Zamani ilikuwa kali. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisikia baba mkwe wake anakuja, anajitupa kwenye migomba. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, wengine wanakula meza moja na kupiga selfi.

Familia niliyoolewa mimi imelegeza nusu.

Tunakaa uani pamoja, lakini simwangalii usoni. Sipiti mbele yake. Jina lake silitamki hata nibanwe na mlango. Akiwepo, kichwa changu kinafunikwa kitenge na macho yanakuwa chini. Yeye naye hanisemeshi moja kwa moja. Akirudi shamba anakohoa pale kwenye kona ya jiko, nijue anapita, nijisogeze.

Akiwa na neno na mimi anampa mama mkwe. Nipo palepale, nasikia kila kitu, lakini anasema, "Mwambie mama Tusa mbuzi amefunguka." Mama mkwe ananigeukia, "Mama Tusa, mzee anasema mbuzi amefunguka." Najibu, "Mwambie mzee nimesikia." Anamgeukia mzee, "Anasema amesikia."

Wakati huo mbuzi kashamaliza mchicha.

Chekeni, ila mjue ni heshima. Nimelelewa nayo na sijawahi kuiona mzigo. Shida ilikuwa inhela.

Siku za mwanzo za ndoa pumu ilinibana pale uani. Nikatoa inhela, nikainua shingo, nikafungua kinywa, nikavuta kama nilivyozoea. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe. Akainuka taratibu, akaondoka bila neno.

Jioni mama mkwe akaniita jikoni. Hakunigombeza, yule mama kugomba hajui. Aliniambia tu, "Mwanangu, mbele ya mzee hatupanui kinywa kama kifaranga anayekunywa maji. Dawa piga, ila jifunike."

Basi nikajifunika.

Na mimi nikiambiwa jambo silifanyi nusu, hiyo ndiyo shida yangu. Nikawa bingwa. Kichwa chini, kitenge juu, inhela inaingilia upande wa shavu, tshii tshii, mbili za harakaharaka, naifunga naiweka kwenye mfuko wa ndani wa gauni nilioushona kwa ajili hiyo. Kuvuta hewa kwa kina siwezi, itasikika. Kubana pumzi ndiyo kabisa, maana ukibana lazima uachie, na ukiachia unatoa sauti kama umetua gunia. Kwa hiyo nilikuwa napuliza dawa mdomoni, nameza mate, nanyamaza.

Ningeweza kupiga inhela katikati ya kikao cha ukoo na mtu asijue. Mapafu yenyewe hayakujua.

Baya zaidi, mazoea yalinifuata hadi kibandani kwangu. Nipo peke yangu na cherehani, hakuna mkwe hata wa jirani, lakini bado nainama, najifunika, tshii tshii. Mwili ulishakariri.

Miezi ikaenda, nikaanza kuona dawa haifanyi kazi.

Zamani mpulizo mmoja ulikuwa unanifungua kifua. Sasa napuliza, nasubiri, kifua kinapiga filimbi vilevile. Naongeza, naongeza tena. Inhela iliyokuwa inakaa muda mrefu ikawa inaisha nikiwa bado sijaizoea rangi yake.

Nani alaumiwe? Duka, bila shaka.

Nikasema dawa za huku feki. Nikaacha duka la hapa Makwale, nikawa nafunga safari hadi Kyela mjini, kwa mama mmoja wa Kiislamu mwenye duka la dawa pale Bondeni, lafudhi yake ya pwani kabisa. Mara ya kwanza nikanunua. Mara ya pili nikaja na malalamiko. Akaniangalia, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hebu niambie, waivuta vipi?"

Wakuu, nilikasirika. Mimi? Mwenye pumu tangu sijaota meno, naulizwa navuta vipi? Nikamjibu, "Navuta kwa mdomo, mama, ulitaka nivute kwa sikio?" Nikalipa nikaondoka nimevimba. Yule mama alitaka kunisaidia, na nitamrudia kwenye stori hii.

Nyumbani nikaanza utaalamu wangu. Kuna mtu alinifundisha kwamba ukichomoa kile kikopo cha bati ukakidumbukiza kwenye beseni la maji, kikielea kimeisha, kikizama kimejaa. Nikawa kila jioni naogesha dawa kwenye beseni kama mtoto mchanga. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba kipimo hicho hakina maana na maji yanaweza kuziba kitundu. Kama na wewe unafanya hivyo, acha.

Halafu kulikuwa na ile ya kahawia. Hospitali walishanipa inhela mbili. Ya bluu ya kufungua kifua kikibana, ya kahawia ya kutumia kila siku hata kama mzima, ili kifua kisifike kubana. Ya kahawia niliitumia muda mfupi nikaitupia kabatini. Sababu ya kwanza, nikipuliza sioni tofauti papo hapo. Sababu ya pili, ulimi ulianza kuota utando mweupe kama umelamba chokaa. Jirani akaniambia hiyo ni dalili kwamba kuna mtu hanipendi. Nikamwamini jirani kuliko karatasi ya dawa.

Kumbe dawa yote ilikuwa inaishia kwenye ulimi, na mimi kusukutua mdomo sisukutui.

Basi hali ikawa mbaya. Kupanda kutoka kisimani na ndoo nasimama njiani. Kumbeba Tusa siwezi. Nikicheka napaliwa, na mimi bila kucheka si mimi.

Nyumbani wakaanza kusema.

Hawakusema kwa ubaya, hilo nalisisitiza. Mama mkwe alikuwa ananionea huruma ya kweli. Siku moja akakaa na mume wangu, baba Tusa, mimi nipo ndani nasikia. "Hali ya hewa ya huku haimtaki huyu mtoto. Akapumzike kwao Tukuyu, kwenye ubaridi. Tusa ameshaacha ziwa, atabaki na mimi."

Baba Tusa najua alikuwa anaogopa kunizika.

Wakuu, kwa kwetu mwanamke "akipumzika kwao" siku ya kurudi haijulikani. Wapo waliokwenda kupumzika na watoto wao wakakua hawawajui. Nilijifunika shuka nikalia kimyakimya, maana hata kulia kwa sauti pumzi haikutosha. Kunyang'anywa Tusa na kifua! Nikajiapiza kwamba msimu wa mavuno nitafanya kazi kama punda, waone nimepona.

Hiyo akili, wakuu. Mgonjwa wa pumu anataka kujithibitisha kwenye vumbi la mpunga.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya jua kali. Mpunga umepigwa, umemwagwa kwenye turubai uani. Vibarua walikuwa wamerudi shamba kuleta mzigo mwingine. Baba Tusa yupo mjini anatafuta magunia. Mama mkwe kaenda msibani kwa jirani na Tusa mgongoni.

Uani tulibaki wawili, mimi na mzee.

Yeye anapima, mimi napepeta upande wa pili, nimempa mgongo, kichwa kimefunikwa.

Mzee wangu ana namna yake ya kupima mpunga. Anahesabu kwa sauti, kwa Kinyakyusa, hata kama hakuna shahidi. Debe likijaa anafuta juu kwa kiganja, anamwaga kwenye gunia, ndipo anataja namba. Halafu kimya, hadi debe lingine lijae. Hana haraka. Ukimsubiri unaweza kulala.

Nikapepeta. Vumbi likapanda. Kifua kikaanza.

Nikatoa inhela, nikainama, kitenge juu, tshii tshii. Hamna kitu. Nikapepeta tena ili asishtuke. Kikabana zaidi. Tshii tshii. Hamna. Nikaona ungo unanidondoka mikononi na sikusikia ulivyodondoka. Nikapiga magoti pale kwenye pumba, nimejifunika bado, napuliza, napuliza.

Hewa ilikuwa inagoma kutoka, na ya kuingia haina nafasi. Mwenye pumu anajua. Asiye nayo avute hewa hadi mwisho, kisha bila kuitoa ajaribu kuvuta nyingine.

Nikasikia mzee ameacha kuhesabu.

Alichokiona yeye alikuja kukieleza baadaye. Jua lilikuwa nyuma yangu. Kila nikibonyeza, akawa anaona kama moshi mweupe unatokea pembeni ya kitenge na kupotea. Mimi nadhani nakunywa dawa, kumbe naifukiza hewani.

Akaanza kwa mazoea yake: "Mwambieni mama Tusa ainue..."

Akanyamaza. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Wa kuniambia hayupo.

Nakumbuka kile kimya. Kilikuwa kifupi, lakini ndani yake kulikuwa na heshima ya baba yake na babu yake na wote waliozikwa pale kwenye migomba.

Kisha nikasikia sauti ambayo tangu niolewe haikuwahi kunielekea mimi.

"Mama Tusa! Inua kichwa! Funua uso, dawa yote inatoka nje! Inua kichwa, mwanangu, mimi siangalii!"

Na kweli, nilipokitupa kitenge na kuinua uso, nikamwona amenipa mgongo, mikono kichwani. Nikapanua kinywa kama kile kifaranga. Nikabonyeza, nikavuta kwa hewa kidogo niliyokuwa nayo. Kitu kikashuka. Kidogo tu, lakini kikashuka.

Mzee akakimbia barabarani. Mtu mzima yule, na goti lake bovu. Akarudi na bajaji. Akakaa mbele na dereva, wamebanana kwenye kiti kimoja, akanipa mgongo njia nzima hadi Kyela mjini. Kila baada ya muda anakohoa. Nikawa najibu kwa kugonga bomba la bajaji kwa pete, ajue bado nipo. Dereva alituona vichaa.

Hospitali nikavalishwa ile barakoa ya mashine ya mvuke, nikaongezewa hewa, nikachomwa sindano. Mchana ule ulienda, sikumbuki sana.

Nilipotulia, sista wa wodi akaja kujaza taarifa zangu. "Aliyekuleta ni nani?" Baba mkwe. "Jina lake?"

Kimya.

"Dada, jina la baba mkwe wako."

Nikamwangalia kwa huruma. Akamgeukia mwenzake, "Huyu hewa bado haijafika kichwani." Ndipo kutoka nje ya dirisha kikasikika kikohozi, na mzee akataja jina lake mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye msingi wa ukuta, mgongo kwa dirisha. Wodi nzima ikaangua kicheko, na sista akacheka hadi akafuta machozi. Mwenyeji wa huku, alishaelewa.

Kesho yake asubuhi akaja na inhela yangu mkononi. Akasema, "Hebu nioneshe unavyofanyaga nyumbani. Vilevile."

Nikavuta shuka, nikafunika kichwa, nikainama, tshii tshii. Nikafunua.

Hakucheka. Akakaa kitandani, akanishika goti. "Mama, tangu lini?"

"Tangu niolewe."

Akanifundisha upya kama mtoto wa chekechea. Kwanza tikisa kikopo, maana dawa hutuama chini. Kaa wima, shingo imenyooka. Toa hewa yote kwanza, taratibu, mpaka kifua kiwe kitupu, maana huwezi kumimina kwenye debe lililojaa. Ziba midomo vizuri kuizunguka inhela. Anza kuvuta polepole, na ukiwa umeanza tu, bonyeza mara moja, endelea kuvuta hadi mwisho. Kisha bana pumzi, hesabu hadi kumi, dawa itue huko chini. Kama unahitaji mpulizo wa pili, subiri kidogo kwanza, tikisa tena, usipige mbili kwa mkupuo.

Na ile ya kahawia ni ya kila siku, hata ukijisikia mzima, halafu sukutua mdomo na uteme.

Nikajaribu. Hadi kwenye kuvuta nikafaulu. Kwenye kuhesabu nikajihesabia mwenyewe kwa vidole, mojambilitatunnetano, nikaachia. Sista akatikisa kichwa. Mara ya pili vilevile. Nilishazoea kuiba.

Ndipo ikatoka sauti nje ya dirisha. Kwa Kinyakyusa, namba ya kwanza.

Kimya.

Ya pili.

Kimya.

Mzee anahesabu. Kama anavyohesabu madebe, kila namba hadi ijae, ifutwe juu, imwagwe. Sista akaweka kidole mdomoni, nisicheke. Nikabana. Ya nne, ya tano. Macho yakanitoka. Ya nane. Nikadhani atalala pale kwenye tisa. Akataja kumi, nikaachia, na kweli nawaambia, nilisikia dawa imefika mahali ambapo haikuwahi kufika tangu nihamie Kyela.

Nikalia. Kwa sauti, maana sasa pumzi ilikuwepo.

Niliporudi nyumbani mzee alikaa na familia uani. Mimi nikakaa nyuma, kitenge kichwani kama kawaida. Suala la Tukuyu lilikuwa linanisubiri, nalijua. Mama mkwe akalianzisha kwa machozi, kwamba mtoto wa watu asije akatufia hapa.

Mzee akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwambie mama Tusa haendi popote. Hali ya hewa haina kosa. Sisi ndio tulimfunika." Akaongeza, "Na umwambie hivi: akiwa anavuta dawa yake, hapa nyumbani hakuna mkwe. Akimaliza, ukwe unaendelea."

Mama mkwe akanigeukia aniambie. Badala yake akanikumbatia. Aliona aibu kwa lile neno la kifaranga, na mimi nilimwambia na naandika hapa tena: hakujua, hata mimi mwenye ugonjwa sikujua.

Jioni ile mzee alikaa na chupa tupu ya maji, ile ya nusu lita. Sista alikuwa amemwelekeza: toboa kitako, kitundu chenye umbo la mdomo wa inhela, upande wa shingo ya chupa ndio wa kuweka kinywani. Ukipulizia mle dawa inakaa kwanza ndani ya chupa, unaivuta taratibu, si lazima ubahatishe wakati wa kubonyeza. Akachoma kitundu kwa kisu cha moto, akakwangua kingo, akapima, akakwangua tena, fundi wa mipini yule. Kunikabidhi mkononi hawezi. Akaiweka juu ya kinu, akakohoa, akaondoka. Nikaichukua. Imekaa sawasawa, haivuji hata chembe.

Tangu hapo ukawa ndio utaratibu wa nyumba. Asubuhi na jioni mzee anakuja kukaa nyuma ya ukuta wa jiko, mgongo kwangu. Anakohoa. Mimi nainua kichwa, natoa hewa, napulizia kwenye chupa, navuta. Yeye anahesabu. Akifika kumi anainuka anaenda zake. Mimi nasukutua.

Utando wa ulimi haukurudi tena. Filimbi kifuani zikanyamaza. Ile ya bluu sasa inakaa mfukoni muda mrefu hadi naisahau. Tusa nambeba na ndoo juu. Nacheka hadi majirani wananilalamikia. Mavuno yaliyofuata sikukaribia vumbi, nilipewa kazi ya kushona magunia yakiwa yamejaa, mbali, barakoa usoni. Amri ya mzee kupitia mama mkwe.

Nilienda pia Bondeni kwa yule mama wa duka la dawa. Nikamwambia, "Mama, siku ile uliniuliza navuta vipi. Nimekuja kukujibu." Nikamwonesha. Akapiga makofi, akaniita mwanangu, akanipa na soda.

Sasa mnisikilize wenzangu wa pumu. Mimi si daktari, ni fundi cherehani. Lakini nimeshona nguo za watu wengi tangu yanikute na kila mwenye pumu namwambia anioneshe anavyovuta. Wengi tunakosea. Wengine wanapuliza kama manukato. Wengine wanavuta kwa pua. Wapo wanaoficha kwa sababu ya wakwe kama mimi, wapo wanaoficha ofisini wasionekane wagonjwa, mabinti wanajificha chooni kwa wachumba zao. Dawa inayofichwa haifiki. Inhela ikianza kuisha haraka, kabla hujalaumu duka na jirani, nenda na hiyo inhela kwa mhudumu wa afya uvute mbele yake. Na kifua kikikataa kufunguka baada ya kupuliza, usijithibitishe kwa mtu, kimbia hospitali.

Na mila zetu jamani sizisemi vibaya. Mila ile ile iliyonifunika, mwenye nayo ndiye aliyejua pa kuifunulia.

Namalizia na hili.

Mwezi uliopita mzee alienda Mwaya kwenye msiba wa dada yake, akakaa huko siku kadhaa. Asubuhi ya kwanza nikatikisa inhela, nikakaa wima, nikasikiliza ukuta wa jiko. Kimya. Nikasema leo nitajihesabia, nijitahidi nisiibe.

Simu ya mama mkwe ikaita. Akapokea, akasikiliza, akaniletea. Hakunipa mkononi, aliiweka juu ya kinu, sauti kubwa, kioo kimegeukia ukutani. Nyuma ya simu nasikia watu wa msibani, kuku, mtu anapasua kuni. Na mzee, hakuna salamu wala habari za huko, anakohoa.

Nikatoa hewa, nikapulizia kwenye chupa, nikavuta.

Akahesabu. Polepole, debe kwa debe, dada yake amelala ndani hajazikwa. Hadi kumi.

"Mwambie akasukutue," akasema, akakata.

Tangu siku ile ya turubai hajanisemesha tena moja kwa moja, wala mimi sijapata kumshukuru, mdomo wangu kwake haupo. Humu hayumo, simu yake ni ya tochi. Kwa hiyo naandika hapa ambapo hatasoma: ndaga fijo, taata. Pumzi hii ninayovuta ni yako.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mwenye pumu aseme anavyovuta, mtaalamu akiwemo anirekebishe nilipokosea, mwenye swali aulize chochote.

Ila msiniulize jina la mzee. Silitaji.